Barua ya wazi kwa wakubwa wa jumba la sinema Kampala: tuonyesheni tena kama mlivyotuonyesha 2022

Kwa Mkurugenzi, mameneja na wote wenye mamlaka katika jumba la sinema,
Kampala.

KUHUSU: Namna mlivyotuonyesha filamu tuliyoingoja, Avatar ya tatu, na tunachoomba kabla ya Desemba 2026

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mkazi wa Malaba, huku mpakani, natengeneza simu, na ni mteja wenu wa muda mrefu. Jina la jumba lenu siliandiki hapa, nyinyi mnajijua na barua pepe zangu mnazo. Nilianza kimyakimya kama inavyotakiwa, nikaongea na dada wa kaunta usiku uleule wa Desemba 2025 mlipotuonyesha Avatar ya tatu, akaniambia niandike, nikaandika, nikajibiwa kwamba malalamiko yamepokelewa, nikaandika tena kuuliza yamefika wapi, kimya. Nikipiga simu naambiwa meneja yuko kwenye mkutano. Miezi imepita. Ndiyo maana leo naandika mbele za watu, sina ugomvi na mtu, ila mlango wa ndani nimebisha hamkufungua.

Nianze na mazuri, maana msipoyajua hayo hamtaelewa kwa nini nimeumia.

Avatar ya kwanza ilitoka Desemba 2009. Sisi wa Malaba tuliiona kwenye kibanda cha video, mabenchi ya mbao, tivi moja imening'inizwa juu kwenye kona na imefungiwa ndani ya vyuma isije ikaibiwa, na VJ anatafsiri kwa Kiganda juu ya sauti za waigizaji, anatueleza hawa watu wa bluu ni nani na wazungu wanataka nini kwenye ardhi yao. VJ wetu alikuwa hodari, alikuwa anajua kunyamaza pale panapotaka kunyamaziwa. Kopi ilikuwa mbovu, rangi zimefifia, mara picha inakwama, lakini ile dunia ya Pandora ilinishika nikashindwa kulala. Nilikuwa bado sekondari. Halafu tukasikia James Cameron anatengeneza ya pili, itatoka Desemba 2014, tukafurahi sana, ikasogezwa, ikasogezwa tena, kila mwaka tarehe mpya, halafu korona nayo ikaingia. Miaka 13 jamani! Ndani ya miaka hiyo wenzangu wa kibandani wengine wameoa, wengine wako Juba na Dubai wanatafuta maisha, kibanda chenyewe kimegeuka stoo ya mahindi. Lakini kila tarehe ilipobadilika tuliandikiana. Hatukuacha kungoja.

Basi Desemba 2022 ikafika. Nilimchukua kaka yangu mkubwa, ndiye aliyekuwa ananilipia kiingilio cha kibanda enzi hizo, pamoja na binti yake, tukatoka Malaba Jumamosi tarehe 17 asubuhi mapema kwa taksi, Tororo, Bugiri, Iganga, tukavuka lile daraja jipya la Jinja, wachuuzi wa soko la Namawojjolo wakatuletea kuku wa kijiti na gonja, ndizi za kuchoma, dirishani kama kawaida yao, halafu Mukono jamu ikatushika mpaka binti akaanza kuuliza kama filamu inaweza kuanza bila sisi. Ni safari ya zaidi ya kilomita 200 kwa ajili ya filamu moja. Ebola ilikuwa bado haijatangazwa kuisha, ilikuja kutangazwa Januari 2023, kwa hiyo mlangoni ni kunawa mikono na kupimwa joto kwanza. Na jioni ileile Moroko ilikuwa inacheza na Kroatia kutafuta nafasi ya tatu ya Kombe la Dunia, kila tivi ya jengo lile imezungukwa na watu wanaowashangilia Waafrika wenzao, kelele tupu, sisi tukapita katikati yao tukapanda juu kwenu.

Nyinyi siku ile mlifanya kazi. Nasema hivyo mbele ya kila mtu anayesoma hapa. Filamu ilikuwa kwenye ukumbi wenu mkubwa. Ilianza saa moja jioni kama tiketi ilivyosema. Kijana aliyekuwa anagawa miwani ya 3D alimpa kila mtu kitambaa na akatuambia tusifutie kwenye shati, itachubuka. Taa zilizimwa zote. Na picha ikawaka!

Pale watoto wa Jake Sully, shujaa wa filamu, wanapofundishwa kuogelea na watu wa mwambao, Metkayina, kamera ikazama chini ya maji na ukumbi mzima ukanyamaza, hata waliokuwa wanatafuna popkoni waliacha. Maji yalikuwa yana mwanga ndani yake, unaona jua linavyopenya kutoka juu, unaona samaki wadogo wanapita karibu na uso wako mpaka unataka kunyoosha mkono. Kaka yangu hajawahi kufika baharini maisha yake yote, sisi ziwa tunalo, bahari hatuna, na aliniambia kwamba bahari yake ya kwanza ni ile. Payakan, yule tulkun, mnyama kama nyangumi, aliyetengwa na wenzake, aliporukia meli ya wawindaji watu walisimama kwenye viti wakapiga makofi. Neteyam, mtoto mkubwa wa Jake, alipokufa mama mmoja nyuma yetu alilia kwa sauti na hakuna aliyemcheka. Saa 3 na dakika 12 filamu ile, na binti wa kaka, mtoto wa miaka 11, hakuomba kwenda chooni.

Ilipoisha hamkuwasha taa. Majina yakapita yote, mamia kwa mamia, na wengi tulibaki tumekaa. Tulipotoka ilikuwa karibu saa nne na nusu usiku na watu wasiojuana wamesimama kwenye ngazi wanabishana, mmoja anasema wale waigizaji walizamishwa majini kweli, mwingine anakataa, ikabidi niwaambie kwamba ndiyo, walifundishwa kuzuia pumzi na Kate Winslet alifika zaidi ya dakika 7 bila kuvuta hewa. Hata Sigourney Weaver, mama mtu mzima wa miaka zaidi ya 70, ndiye aliyecheza yule binti Kiri. Watu hawakuamini. Tuliongea mpaka askari wa mlangoni akatuomba tushuke.

Huo usiku mlitupa nyinyi. Cameron na watu wake walitengeneza filamu kule mbali, lakini ingekuja Kampala ikaonyeshwa vibaya tusingeipata. Nataka mlijue hilo kwanza.

Sasa nije Desemba 2025. Sehemu ya tatu, Avatar: Fire and Ash, imetoka tarehe 19, na sisi tulishajipanga tangu katikati ya mwaka, safari hii tukaja watu wengi zaidi, wengine Tororo, wengine Busia. Barabara zilikuwa na misafara ya kampeni za uchaguzi wa Januari lakini tukafika kwa wakati. Yaliyotokea ni haya:

1. Ukumbi na saa mlibadilisha bila kutuambia. Tiketi tulilipa kwa simu siku nyingi kabla, imeandikwa ukumbi mkubwa saa kumi na moja jioni. Tulipofika tukaambiwa ni ukumbi mdogo, saa mbili usiku. Namba zetu za simu mnazo, ndizo zilizolipa, meseji moja tu ingetosha. Mtu anayekaa Ntinda au Bugolobi saa mbili usiku si shida kwake, ataingia kwenye boda arudi nyumbani, lakini mtu wa Busia filamu ya zaidi ya saa 3 ikianza saa mbili, anatoka karibu usiku wa manane, analala wapi? Wawili kati yetu walirudi bila kuona, mmoja ni mama mwenye mtoto mchanga nyumbani. Hela hawajarudishiwa mpaka leo.

2. Picha ilikuwa giza. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote na naomba mnivumilie niliseme kwa urefu. Mimi kazi yangu ni skrini. Mtu akiniletea simu ambayo mwanga wake umeanza kufa najua kabla hajafungua mdomo. Filamu ya 3D inarusha picha mbili, moja ya jicho la kushoto na nyingine ya kulia, na miwani inaruhusu kila jicho lipate ya kwake tu, kwa hiyo zaidi ya nusu ya mwanga unapotea njiani kabla haujafika machoni. Ndiyo maana projekta ya 3D inatakiwa iwashwe kwa nguvu inayotosha. Projekta za taa ya zenoni, taa yake inapungua nguvu kadiri masaa yanavyokwenda, na isipobadilishwa kwa wakati picha inazidi kuwa ya kijivu kidogo kidogo mpaka waliozoea hawagundui tena. Kuna majumba duniani yanashusha mwanga makusudi ili taa idumu. Sisemi nyinyi ndivyo mlivyofanya, nasema nilichokiona kwa macho yangu, kwamba filamu hii sehemu kubwa yake ni moshi, usiku na watu wa majivu, Mangkwan, na yule kiongozi wao Varang ana rangi usoni ambazo ukizikosa umemkosa mwenyewe, na sisi tulikuwa tunaona vivuli vinatembea. Nilivua miwani mara kadhaa kulinganisha, bila miwani picha ina ukungu lakini ina mwanga, ukivaa giza linarudi. Halafu rafiki yangu anayekaa Kampala alikuja wiki iliyofuata kwenye ukumbi uleule kuangalia filamu ya kawaida isiyo ya 3D, nayo akaikuta giza. Naomba fundi wenu aangalie kama kile kifaa cha 3D kinachokaa mbele ya lenzi kinaondolewa mkimaliza, maana kikiachwa kinakula mwanga wa kila filamu inayofuata.

Na miwani yenyewe ilikuwa imechubuka, kitambaa hakikuwepo. Ile ya binti wa kaka ilikuwa na alama ya kidole cha mtu katikati ya kioo.

3. Sauti ilikuwa chini, na spika moja ya nyuma upande wa kushoto ilikuwa inakwaruza kila besi inapoingia. Mashine nyingi za sauti za sinema zina namba, na 7 ndiyo kipimo ambacho waliochanganya sauti ya filamu walikifuata. Najua kumbi nyingi zinashusha kwa sababu wateja wengine wanalalamika matangazo na trela zina kelele. Basi shusheni trela, filamu iacheni. Tulikuwa tunasikia muziki wa ukumbi wa jirani ukipita ukutani wakati Neytiri, mke wa Jake, anaomboleza. Zoe Saldaña anacheza uchungu wa mama aliyepoteza mtoto, na sisi tunasikia ngoma za filamu nyingine!

4. Taa ziliwashwa filamu haijaisha. Picha ya mwisho imefifia, jina la kwanza halijatokea, taa zote paa, na vijana wa usafi wakaingia na mifagio. Hao vijana hawana kosa, wametumwa. Binti wa kaka sasa ana miaka 14, tangu ile 2022 anachora kila siku, anataka kujifunza kutengeneza picha kwa kompyuta, na yale majina alikuwa anayangoja kama nilivyokuwa mimi naingoja filamu, anataka kusoma majina ya watu wa kampuni ya Weta FX kule New Zealand, nani alitengeneza maji, nani alitengeneza moto. Akaambiwa asimame, viti vinafagiliwa. Banange, hapa hapa Kampala kuna Wakaliga, Isaac Nabwana na wenzake wanatengeneza filamu zao kwa vifaa vya kuungaunga na dunia nzima imewajua. Watoto wa nchi hii wanaotaka kazi hii wapo. Dakika chache za majina ni shule kwao.

5. Simu. Watu walikuwa wanarekodi mbele yetu, skrini zinawaka usoni mwetu, hakuna mfanyakazi aliyepita hata kidogo. Sina la kuongeza hapo.

Najua majibu yatakayotolewa, mengine nimeshayasikia kaunta, kwa hiyo niyajibu kabisa.

Mtasema umeme. Umeme usiku ule haukukatika, jengo lote lilikuwa linawaka na nyinyi jenereta mnayo.

Mtasema msambazaji ndiye anayepanga ukumbi na saa. Ninavyojua mimi kwa filamu kubwa kama hizi kawaida msambazaji ndiye anayetaka ukumbi mkubwa wiki za mwanzo, kwa hiyo kama yeye ndiye aliyewaambia mtupeleke kwenye ukumbi mdogo semeni wazi tumwandikie yeye. Na hata kama ni yeye, meseji kwa wateja haihitaji ruhusa yake.

Mtasema hakuna mwingine aliyelalamika. Watu wetu hawalalamiki, wanaacha kuja. Wengi wa wale niliokuja nao Desemba wameniambia hawarudi, na mimi ndiye niliyewashawishi waje.

Mtasema biashara ni ngumu, taa za projekta zinanunuliwa kwa dola, kodi ya jengo ni kubwa, na watu wanapakua filamu bure au wanangoja VJ aitafsiri. Hilo naliamini na nawaonea huruma kweli, mimi pia nina duka na spea nazinunua kwa dola. Lakini fikirini, mtu wa Malaba ana hiyo kopi ya bure mkononi, anaiacha, anapanda taksi, analipa nauli kwenda na kurudi, analipa tiketi, analipa miwani, analipa chakula, anafanya yote hayo kwa sababu anaamini kwenu kuna picha na sauti ambazo simu haina. Mkimpa picha yenye giza kuliko simu yake, kitu pekee mlichokuwa mnauza kimeisha.

Na kuna jibu moja nilipewa na mtu wenu kwenye simu, kwamba "ni filamu tu." Naomba lisirudiwe kwa mteja mwingine. Mtu akingoja kitu miaka 13 na akakipata kizuri anakibeba maisha yake yote, mimi ule usiku wa 2022 nitawasimulia watoto wangu, na kaka yangu hivi sasa anaweka akiba akaione bahari ya kweli Mombasa kwa sababu ya kile alichokiona kwenye skrini yenu. Hiyo ndiyo kazi mnayofanya hata kama hamjaambiwa.

Ninachoomba si kikubwa. Projekta zipimwe mwanga kabla ya kila filamu kubwa, taa iliyochoka ibadilishwe, kifaa cha 3D kiondolewe pasipo na 3D, na mtutangazie kwamba imefanyika. Ile spika ya nyuma itengenezwe na sauti ya filamu irudishwe kwenye kipimo chake. Taa zisiwashwe mpaka majina yaishe, vijana wa usafi wangoje nje. Ukumbi au saa ikibadilika, mwenye tiketi atumiwe meseji siku hiyohiyo na achague kuja au kurudishiwa hela bila kubembeleza, na wale wenzetu wawili warudishiwe zao sasa. Kitambaa cha miwani kirudi. Na kwa wiki mbili za kwanza za filamu kubwa wekeni onyesho moja la Jumamosi saa saba mchana kwenye ukumbi mkubwa, kwa ajili yetu tunaotoka Mbale, Masaka, Jinja, Malaba na kwingine, tuone na tupate taksi ya kurudi. Tutaujaza, mimi mwenyewe nitawaletea watu.

Haya yana haraka yake. Sehemu ya tatu ya filamu ya Dune imetangazwa Desemba 18, 2026. Sehemu ya pili yake tuliingoja mpaka Machi 2024 baada ya kusogezwa na mgomo wa waigizaji wa Marekani, na ile ni filamu ya jangwa, mchanga na jua kali, ikionyeshwa kwa taa iliyochoka itakuwa vumbi la jioni. Watu wameshaanza kuniuliza kama tunaenda. Sijawajibu, nangoja kwanza kusikia kutoka kwenu.

Naomba majibu ya maandishi kabla ya mwisho wa Septemba, kwenye ukurasa wenu ambapo wateja wote wataona, kila jambo na jibu lake kufuata namba nilizoweka. Kama kuna jambo nimelieleza tofauti na mlivyoliona nyinyi, semeni na nitaliweka hadharani pia. Fundi wenu akitaka nimwonyeshe ni kiti gani tulikaa na ni spika ipi, nipo tayari kuja siku yoyote ya Jumatatu ambapo duka langu huwa limetulia. Namba ya simu na nakala za tiketi ziko kwenye barua pepe ya kwanza.

Wenu kwa heshima,

Mteja wenu wa Malaba,
kwa niaba ya wenzangu wa Tororo na Busia tuliokuwa pamoja Desemba 2025.